Nguruwe Aliyetandika Shambani

Kosa langu la kwanza lilikuwa ufagio. Subirini kucheka, ndugu zangu, maana mimi mwenyewe sikucheka kwa miezi mingi.

Wazee wangu, shikamooni. Wanakikundi wenzangu, na ninyi mliopanda mlima kutoka Liuli asubuhi hii kuja kupokea nguruwe wenu wa kwanza, karibuni sana Mbuji. Mwenyekiti ameniomba nieleze jinsi mimi nilivyoanza. Niliandika maneno kwenye karatasi, nikayafuta mara nne, na ile ya tano nimeisahau nyumbani mezani. Kwa hiyo mtayapata yalivyo.

Sijasomea mifugo. Nilichokijua nilikipata kwenye simu na kwenye vijitabu vya kuazima, nikawa nanakili kwenye daftari kwa wino wa rangi mbili. Siku kikundi kiliponipa nguruwe jike, nilikuwa tayari nimejenga banda, nimelisakafia kwa saruji na kulipaka chokaa. Mlangoni nilipigilia karatasi yenye sheria kumi na moja. Sheria ya kwanza: haingii mtu isipokuwa mimi. Mke wangu, ambaye ni Mnyasa wa huko huko mnakotoka ninyi, alisimama akaisoma yote mpaka mwisho. Akasema, "Sisi kwetu ziwani tunaishi na samaki miaka yote, na hatujawahi kuwabandikia tangazo."

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alifuga nguruwe kabla mimi sijazaliwa. Alikuja na kapu la majani makavu na maganda ya mahindi, akataka kutandika. Nilimzuia. Nikamwonyesha picha kwenye simu: banda la nchi fulani ya mbali, sakafu inang'aa, hakuna hata jani. Mama aliitazama ile picha, akauliza mnyama huyo analala wapi. Nikamwambia huo ndio ufugaji wa kisasa. Akachukua kapu lake akaenda kuwatandikia kuku.

Ndugu zangu, nawaambia, picha haikuonyeshi baridi. Siku nyingi baadaye ndipo niliiangalia tena nikaona kwamba juu ya nguruwe wale zilining'inia taa za kuwapa joto. Nilikuwa nimeiangalia mara mia, lakini macho yangu yote yalikuwa sakafuni.

Basi nguruwe akashika mimba, akakaribia kuzaa mwezi wa sita, na mnaijua baridi ya Mbinga ya mwezi wa sita. Siku moja kabla, alianza kuhangaika. Akawa anang'ata majani yaliyochungulia kwenye nyufa za mbao, anayavuta ndani na kuyakusanya pembeni. Mimi nikawa nafagia. Akikusanya, nafagia. Nikamwagia maji na kusugua, nikafunga mlango nikiwa na fahari. Akazaa watoto tisa juu ya saruji yenye maji.

Sitawachosha. Siku ya nne hakukuwa na hata mmoja. Mama alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza kwamba wanatetemeka, nikamjibu kwamba kitabu hakisemi hivyo. Niliwazika nyuma ya mikahawa.

Hapo ningekuja kwenu, tungelia pamoja, yangeisha. Lakini mnaijua ahadi ya kikundi hiki: ukipewa jike, katika uzao wa kwanza unatoa jike mmoja kwa jirani anayefuata, naye vivyo hivyo. Aliyekuwa ananifuata ni mama mmoja wa kitongoji chetu. Simtaji, ingawa namwona pale nyuma ameshafunika mdomo kwa kanga. Ni mjane. Banda lake alilijenga kwa mikono yake, miti yote akaibeba mwenyewe kutoka bondeni. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananiuliza, "Mwanangu, bado?"

Mimi nikamwambia kwamba nguruwe hakushika mimba.

Sikuwa na shida ya kusema nguruwe wamekufa. Nilishindwa kusema wamekufa mikononi mwangu, kwangu mimi mwenye daftari la rangi mbili. Na yule mama, badala ya kununa, akaanza kumletea nguruwe majani ya maboga kila wiki ili apate nguvu ya kushika. Nayapokea kwa mikono miwili, nashukuru, na akishapita kona nayatupa mferejini, kwa sababu hayakuwa kwenye ratiba yangu ya chakula. Hilo nalo nalisema leo mbele yenu.

Mke wangu hakukubali. Aliniambia siku moja tukipukuchua mahindi, bila kuinua uso, "Mimi nachota maji na yule mama. Wewe unamdanganya mara moja kwa wiki, mimi namtazama usoni kila siku." Nikasema nguruwe akizaa tena nitatoa, na hakuna atakayejua. Akasema, "Utajua wewe." Kisha akaendelea na mahindi, na mimi nikaenda kuongeza sheria ya kumi na mbili.

Sasa ngoja niwaeleze wageni wetu kidogo kuhusu ngolo, maana ndiko nguruwe alikonifundishia. Sisi huku tunalima milimani. Mvua zikikaribia kuisha, mwanaume anafyeka majani shambani na kuyapanga kwa mistari, mistari ikatane iwe miraba, mteremko mzima. Majani yakinyauka, wanawake wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Panabaki shimo katikati na matuta pembeni, na juu ya matuta tunapanda maharage. Maji ya mvua yanatulia mashimoni badala ya kushuka na shamba lako. Ndivyo babu zetu walivyolima.

Mwezi wa tatu uliofuata nilipanga majani yangu kwa kamba. Ndiyo, kwa kamba na vigingi, kama fundi wa msingi wa nyumba. Watu walisimama barabarani kunitazama. Mzee mmoja aliniuliza kama hapo panajengwa zahanati. Mama alisema maharage hayajui kuhesabu pembe. Lakini miraba ilinyooka, jamani. Nilikuwa napanda kwenye jiwe la juu kuiangalia tu.

Nguruwe naye alikuwa na mimba ya pili, miezi mitatu, wiki tatu na siku kama mbili. Ikaangukia Jumamosi ambayo jumuiya yetu ndogo ilikuwa isali nyumbani kwangu. Nilikuwa macho kabla jogoo hajawika. Nikafagia ua mara tatu. Nikaenda bandani, nikakuta amekusanya tena takataka zake kwenye kona, nikafagia na huko. Alinitazama. Sijui nguruwe hufikiri nini, ila yule alinitazama.

Watu wakafika, wakakaa kwenye mikeka, yule mama akiwa mstari wa mbele na majani yake ya maboga kwenye kitambaa. Tukaanza. Tulikuwa katikati ya somo niliposikia mke wangu ananigusa bega. Alininong'oneza kwamba ubao wa chini wa mlango umevunjwa na banda ni tupu.

Nilisimama bila hata kuomba ruhusa. Watu wakaona uso wangu, wakasimama. Mwenyekiti wa jumuiya akafunga kitabu na kidole ndani, akasema Mungu atatusubiri kidogo. Tukashuka mteremko wote, akina mama mbele na viatu mkononi.

Tukamkuta kwenye shamba langu la ngolo. Miraba minne ya juu haikuwepo tena. Alikuwa amevuta majani yote, jani kwa jani, kwa mdomo, akatengeneza kichuguu cha majani makavu kinachofika kiunoni, na katikati yake kuna shimo la duara. Yeye amelala humo kwa ubavu, mkubwa na mtulivu, na watoto wawili wameshazaliwa na wananyonya.

Mnajua mimi nilifanya nini? Nilikimbia kuchukua ndoo na ufagio. Nilirudi navyo nikitaka tumwinue tumrudishe bandani. Mama yangu alinishika shati kwa nyuma.

"Keti."

"Mama, hapa ni pachafu."

"Keti, mwanangu. Mwenzio ameshatandika."

Nikaketi. Kwenye tope, na suruali ya kanisani. Manyunyu yakaanza, na vijana wa jumuiya wakaleta turubai la kuanikia kahawa, wakalishika pembe nne juu ya nguruwe. Mwenyekiti akafungua kitabu pale kidole kilipokuwa, akaendelea na somo. Kila mtoto akitoka, akina mama wanaitikia kwa sauti kuliko walivyowahi kuitikia ndani ya nyumba ya mtu. Yule mama mjane alipiga magoti kwenye majani, akawa anapangusa watoto kwa ile kanga aliyojifunga juu ya gauni na kuwapeleka kwenye chuchu. Alipofika wa sita alicheka peke yake, akasema, "Safari hii ameshika kweli."

Hapo, ndugu zangu, kitu kilinishinda nguvu. Nikasema, "Mama, hata safari ile alishika. Alizaa tisa. Waliganda kwa baridi kwa sababu nilifagia matandiko yao, nikawazika nyuma ya mikahawa, nikakudanganya."

Nililisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Mwenyekiti akafunga tena kitabu na kidole ndani. Turubai likalegea pembe moja, maji yakamwagikia mtu. Mke wangu alikuwa anatazama chini, lakini nilimwona amepumua.

Yule mama hakuinua kichwa. Alimaliza kumpangusa aliyekuwa naye, akanikabidhi. "Shika. Mtie kwenye chuchu ya nyuma, ya mbele zimejaa." Nikamtia. Kisha akasema, "Nguruwe hufa. Wangu watatu walikufa mwaka mmoja, nikiwa mke mpya. Hilo silihesabu. Mimi nilikasirika siku niliyokuta majani yangu ya maboga kwenye mfereji."

Nilitamani ule udongo wa ngolo unifunike kama majani. Nikamwuliza kwa nini basi aliendelea kuyaleta.

Akasema, "Nilikuwa namletea yeye. Wewe sikukuletea kitu."

Akina mama walicheka mpaka nguruwe akageuza sikio. Na mimi nikacheka, machozi yakinitoka, nimeshika mtoto wa nguruwe mwenye joto kama kiazi kilichotoka jivuni. Tulimaliza sala palepale. Nguruwe alizaa kumi na mmoja. Mmoja alilaliwa na mama yake siku ya pili, kumi wakakua. Walikaa shambani siku tatu chini ya lile turubai, kisha tukawahamisha kwa kapu, na majani yao yakatangulia.

Watoto walipoacha kunyonya, yule mama alikuja kuchagua jike wake. Nilikuwa nimemwandalia yule mwenye mwili wa picha. Akampita, akachukua mmoja aliyekuwa amejipaka tope mpaka machoni. Akasema huyu ameonyesha nia ya kufanya kazi. Leo mmoja wa majike mnaowapokea ninyi wa Liuli ni mtoto wa huyo mwenye tope, ametoka bandani kwake asubuhi hii. Aliyepewa na aliyetoa mtajuana wenyewe kwa kelele zake.

Nashukuru mama yangu, aliyelirudisha lile kapu la majani bila kuniambia "nilikuambia." Alisema mara moja tu, na aliwaambia kuku, mimi nikiwa karibu. Nashukuru mke wangu, aliyekataa kuzoea uongo wangu. Nashukuru vijana wa turubai. Mikono yenu ilichoka, niliiona. Na wewe mama uliye pale nyuma, shikamoo. Nimekuletea kanga nyingine, ile haikutakata.

Kama mnataka fundisho, langu ni hili. Someni vitabu, mimi bado nasoma. Lakini kabla hujafagia kitu alichokikusanya mnyama, muulize amekikusanya kwa nini. Na ukikosea, mwambie anayekungoja siku hiyohiyo. Kosa langu liliua watoto tisa kwa siku nne, lakini uongo wake nililala nao miezi tisa.

Bado nina wasiwasi, msidhani umeniisha. Jana nimewahesabu kuku mara tatu na wamekuwa kumi na saba mara zote tatu. Maji ya dawa ya miguu yako mlangoni kwangu mpaka leo, na ukija utakanyaga hata ukiwa padri, kwa sababu homa ya nguruwe haina mchezo. Hiyo ndiyo sheria pekee iliyobaki. Ile karatasi ya sheria mke wangu aliwashia moto wa maharage, na yaliiva vizuri.

Asubuhi kwetu sasa iko hivi. Mama anatoa kuku, mke wangu anakamua mbuzi na kuwasema kwa Kinyasa, mimi nabeba samadi kwenda kwenye kahawa. Anayemaliza kwanza ndiye anayefungua banda la nguruwe na kuwatandikia majani mapya. Ufagio uko uani.