Dada Sonara na Uso Alioufuta

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa huu, wanafunzi na wateja mliofunga shughuli zenu ili mfike, familia inawashukuru, na kabla dada yetu hajatolewa hapa uani tunawaomba mkae kidogo mumsikilize alivyoishi, maana mwenyewe alituonya kwamba mtu asiposimuliwa na watu wake atasimuliwa na wambea, na msomaji wenu, ambaye ni mdogo wake wa mwisho, amepewa kazi hii kwa kuwa wakubwa wote wametangulia na watoto wake hawawezi kusoma bila kulia.

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima mlimwita Dada Sonara hata alipokuwa na wajukuu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yetu, fundi sonara, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama yetu alipenda kusema kwamba mtoto huyu alikuja duniani amekunja ngumi na hakuzifungua mpaka alipoonyeshwa kitu kinachong'aa, maneno ambayo sisi tuliyachukua kuwa ya kina mama, ila ni kweli kwamba hatujaona mtoto mwingine anayebembelezwa kwa kijiko.

Alianza masomo ya msingi mwaka 1958, katika shule iliyokuwa nyuma ya ghala la pamba, akamaliza mwaka 1964 akiwa wa kwanza kwa wasichana, akaingia sekondari, lakini mwaka 1966 macho ya baba yalipoanza kufifia alitolewa shule ili akashike kazi dukani, jambo lililomuuma sana, na baba alipomtuliza kwa ukali wake kwamba dhahabu haijui kusoma, alimjibu kwamba ndiyo maana kila mtu anaidanganya, akalala na njaa siku hiyo kwa utovu wa adabu.

Alikaa katika meza ile iliyochongwa nusu duara, ngozi ya mbuzi ikiwa imetandazwa magotini kukinga vumbi la dhahabu, na kufikia umri wa miaka ishirini alikuwa amempita baba kwa kazi moja, nayo ni kung'arisha, pete kuukuu iliyokaa miaka chini ya gunia la mkaa ilitoka mikononi mwake inang'aa hata mwenye pete akaikana, na sifa hizo zilimlevya, kama ambavyo zingemlevya yeyote kati yetu, kwa sababu mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye hakulitia maji, alilitia tindikali.

Siku ya Alhamisi, tarehe 22 Agosti 1974, mwashi mmoja aliyekuwa akichimba msingi wa nyumba nyuma ya stendi alivunja chungu kwa sululu, akakuta ndani yake bonge la sarafu zilizoshikana kwa kutu ya kijani, akamletea dada yetu amwambie kama ni madini ya maana, na dada, bila kuombwa, kwa wema na kwa kujionyesha kidogo, alimwambia aende akanywe chai atazikuta zimetakata, akazitia kwenye tindikali, akazipiga brashi ya waya, kisha akaziweka moja moja kwenye gurudumu la kung'arishia. Nyingi zilikuwa ndogo za fedha, zote za aina moja, lakini moja ilikuwa kubwa, ya shaba, na kutu yake ilipobanduka alitokea mtu mwenye pua ndefu, sikio moja, na midomo ya mtu anayetaka kusema, na nyuma ya shingo yake mstari wa maandishi, naye dada alitusimulia maisha yake yote kwamba alimwona kwa muda wa kupiga chafya tu, akataka kumwona vizuri zaidi, akairudisha sarafu kwenye gurudumu. Alipoitoa ilikuwa inang'aa kama kifungo cha koti, na haikuwa na mtu.

Jumatatu iliyofuata alifika mhifadhi wa makumbusho, aliyeitwa na mwashi kwa tamaa ya zawadi, akazitandaza sarafu juu ya kitambaa, zile ndogo akazitambua kwa taabu, ile kubwa akaigeuza mara nyingi, akaeleza kwa upole kwamba katika orodha ya wafalme wa zamani wa nchi zilikotoka sarafu zile palikuwa na pengo, wa kabla yake anajulikana, wa baada yake anajulikana, katikati palikaa mtu ambaye sarafu yake haikuwahi kuonekana, na sasa palikuwa na chungu cha miaka ileile, akamuuliza dada aliona nini. Dada alimchorea pua. Akaulizwa maandishi, akasema hakuyatazama, alikuwa anatazama pua, na mhifadhi hakumgombeza, alivua miwani yake akakaa kwenye kiti cha wateja, na dada alisema angeshukuru kama angezabwa kibao.

Tangu wiki ile mtu yule wa kwenye sarafu alianza kuja. Hakuja kwa vishindo wala kwa shuka jeupe, alikuja mchana, saa za wateja, akasimama upande wa pili wa kaunta kama mtu aliyeacha mkufu wake na sasa ameufuata, hakuuliza neno, na dada aliponyanyua macho alikuta mlango mtupu na pazia limetulia. Tulimpeleka kwa daktari, akasema ni uchovu, tukamwombea dua, akasema amina kwa sauti kuliko sisi sote, na kesho yake akaweka kiti cha pili mbele ya kaunta, akatukataza kukikalia. Sokoni aliwahi kumfuata muuza mitumba kutoka banda hadi banda kwa sababu ya pua yake, mpaka mke wa yule bwana akamtaka aeleze anachokitafuta, na dada akanunua koti lisilomtosha ili yaishe.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 3 Desemba 1977, na fundi redio wa duka la jirani, shemeji yetu aliyetutoka mwaka 2014, na kabla ya kukubali posa alimwambia wazi kwamba kuna mwanamume mwingine anayemwandama, shemeji akataka kurudisha hata koti aliloshonewa, mpaka alipoambiwa kwamba mwanamume huyo alikufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, akapumua, akasema basi huyo watagombana taratibu. Alikuwa mtu wa mzaha na mzaha wake ulimponya dada siku nyingi, alipoingia dukani alikisalimia kile kiti kitupu, akauliza mwenzake ameamkaje, na watu walipomcheka aliwaambia kwamba ana bahati, wanaume wengine wapinzani wao wana pikipiki.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1979, ambaye ni mshonaji mnayemjua, na mwana aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1983, na hapa familia imekubaliana kusema kweli, kwamba mkunga alipomkabidhi dada mtoto wake wa kiume, naye akaona pua ndefu, alimrudisha akaomba afunikwe uso. Siku zilizofuata alimnyonyesha ametazama ukutani. Alimlea, alimvisha, alimsomesha, hakumnyima kitu, ila hakuwahi kumtazama usoni kwa utulivu, na mtoto hujua, hata asipoambiwa hujua, akakua akiongea huku ameinamisha kichwa, akahama nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa, akawa fundi wa majokofu mji wa mbali, simu akimpigia dada yake mshonaji, si mama. Hili lilimuumiza kijana, nasi hatuna sababu ya kulipamba.

Tangu mwaka 1975 dada alikuwa akikusanya sarafu za kale, akizipata kwa wachimba visima, wakulima na wauza vyuma chakavu, mara nyingi kwa kuwatengenezea hereni za wake zao, na katika miaka yote hiyo hakuisafisha hata moja. Wanafunzi wa sekondari mlioletwa dukani na walimu wenu mnakumbuka alivyowapiga vidole mlipotaka kusugua, akiwaambia kwamba kutu ile ni ngozi, na mtu hachunwi ili ajulikane, kisha akawasomea sarafu kama wengine wanavyosoma viganja, kwamba hii ya fedha imekonda kwa sababu mfalme alikuwa vitani na askari hawalishwi maneno, hii imekatwa nusu kwa sababu sokoni palikosekana chenji, hii ina chale pembeni kwa sababu kuna mfanyabiashara aliyekuwa haamini mtu, kama mwenye duka la kona, na hii imesuguliwa uso na vidole vya watu ambao hawakuandika barua hata moja, lakini walinunua mboga. Wengi mlidhani anapenda historia. Alikuwa anamtafuta mtu mmoja.

Mwaka 2020 mikono yake ilianza kutetemeka, akaacha kazi ya dhahabu, na tarehe 17 Februari 2022, macho nayo yakiwa yameanza kumfuata baba, mchimba visima mmoja alimletea sarafu ya shaba iliyofunikwa na kutu nene, yenye upana uleule, na mizani ya duka ikatoa uzito uleule. Dada alikaa chini. Mhifadhi wa siku hizi, mwanafunzi wa yule wa kwanza, alimwomba aipeleke makumbusho ikafunguliwe kutu kitaalamu, akakataa, tukamwomba sisi, akakataa, aliiweka kwenye kopo la pamba akawa anailinda kama yai, kwa sababu ikiwa imefungwa ilikuwa ni yeye, na ikifunguliwa huenda isiwe yeye, na hakuwa na miaka mingine hamsini ya kusubiri.

Mwezi Januari mwaka 2023, figo zilipoanza kushindwa na daktari akatuambia tusimfiche, alimwita binti yake akampa lile kopo, kwa kuwa vidole vya mshonaji havina papara, akamfundisha kuilowesha katika maji yasiyo na chumvi, kuibadilishia maji kila asubuhi, na kuondoa kutu kwa ncha ya mwiba, punje kwa punje, bila chuma, bila tindikali, na bila haraka. Binti alifanya kazi ile pembeni ya kitanda cha hospitali, mama akisikiliza mwiba unavyokwaruza, akiuliza kila mara kama pua imetokea, na binti alijibu kwamba bado, mpaka wiki ya pili ya Aprili ilipotokea, nayo ilikuwa fupi, juu ya kidevu cha mtu aliyeshiba. Binti alitoka nje akalia kwenye ngazi za hospitali, akarudi akiwa amepanga kumdanganya, lakini dada alikwishanyoosha mkono, akapitisha kidole gumba juu ya shaba, akasema si yeye, akauliza ni nani basi, na mhifadhi alipomtajia ni mfalme gani alicheka mpaka nesi akaingia, kwa sababu huyo, alisema, amejaa kwenye kila droo, hata akichimba choo angemkuta.

Kicheko kile kilipokwisha hakulia, alituambia tumwite mwanawe. Alifika siku ya pili kwa basi la usiku, akasimama miguuni mwa kitanda ameinamisha kichwa kama kawaida yake, na dada, ambaye sasa alikuwa haoni, alimwambia asogee, akamshika uso, akaanzia kwenye paji, akashuka polepole kwenye pua, akakaa hapo muda mrefu, akamwambia kwamba yeye hakumkosea mtu, ila alifanana na mtu aliyekosewa, na kwamba mama alimwogopa mtoto wake miaka arobaini, asamehewe kama inawezekana. Mwana hakuondoka pale mpaka mwisho. Kiti cha wageni kilichokuwa upande wa pili wa kitanda hakukikalia mtu, wala hakuna aliyeambiwa asikikalie.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, akiwa amefanya kazi, amependwa, amezaa, na amelipa alichoweza kulipa, na aliacha ombi moja, kwamba siku ya kusomwa kwake asisomwe peke yake. Kwa hiyo, ndugu waombolezaji, tunawaomba wenye uwezo msimame, na mwanawe aliye hapa kando ya msomaji wenu ainue kichwa, mumtazame, maana ndivyo mama yake alivyotaka.

Huyu wa pili tunayemsoma sasa, mtu wa kwenye sarafu, alizaliwa, hatujui mwaka wala chumba. Alikuwa na mama, huenda naye alisema alizaliwa amekunja ngumi. Kama alisoma hatujui, kama alioa hatujui, watoto wake hatuwezi kuwataja, na kama alitawala kwa haki au kwa mkono wa chuma hakuna aliyebaki wa kutuambia. Alikuwa na pua ndefu kama hii mnayoiona, na midomo ya mtu anayetaka kusema. Aliugua nini hatujui. Kufa alikufa zamani, lakini jina lake lilifutwa Alhamisi, tarehe 22 Agosti 1974, saa za chai, na mikono ya dada yetu, naye alitutuma tuwaambie kwamba anasikitika.

Mnaweza kukaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliovumilia vumbi la kutu kwenye mashuka yao, mhifadhi wa makumbusho, ambaye kuanzia leo sarafu zote ziko mikononi mwake, masonara wenzake marehemu, majirani mliolala nasi uani siku hizi zote, na wote ambao hatukuwataja, mtuwie radhi, hakuna aliyesahaulika kwa makusudi. Dada, umetafuta vya kutosha, pumzika kwa amani, na huyo mgeni wako, popote alipo, naye apumzike.