Walioletwa na Waliokuja

Mheshimiwa Mkuu wa Gereza, Baba Askofu, waheshimiwa maofisa, ndugu askari mlio zamu na mliokuja siku yenu ya mapumziko, mama yetu wa zahanati, ndugu zangu wafungwa mliokaa kule nyuma, ndugu zangu wengine tuliokwisha kutoka na leo tumerudi humu kwa miguu yetu bila pingu, wageni waalikwa wote, na wewe Baba Mchungaji unayeagwa: habari za mchana.

Nimewataja kwa ngazi kama nilivyoandikiwa. Kama kuna mkubwa nimemruka, anisamehe. Shule niliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nilikaa dirishani.

Wengi hapa mnaniita Spana, na jina linanitosha. Nina gereji. Si gereji ya turubai, ni gereji yenye paa, mashimo mawili ya ukaguzi na mafundi saba, na wiki hii tu gari la Baba Askofu limepita mikononi mwangu likatoka linapumua kama mtoto aliyelala. Kabla ya hapo nilikuwa mgeni wenu humu miaka saba. Niliiba magari. Na niseme ukweli kwa kuwa mbele ya watumishi wa Mungu hatudanganyi: niliiba vizuri. Sikukamatwa kwa uzembe wangu. Mwenye lile gari la mwisho alikuwa bahili, hakuwa ameweka mafuta.

Sasa, mimi sikuja hapa kumuaga Mchungaji. Wengine wamemuaga vizuri kuliko nitakavyoweza. Mimi nimekuja kubishana naye.

Wiki mbili zilizopita nilimtembelea kwenye ile nyumba ya kazi nyuma ya stoo. Nikamkuta anapanga vitabu kwenye maboksi, peke yake, maana mama mchungaji alishatangulia kwa Bwana na mtoto hawakujaliwa. Nikamwuliza, "Baba, mbona mnyonge hivyo?" Akajibu bila kuinua uso, "Spana, aliyenitangulia aliniachia kanisa la watu mia tatu. Mimi namwachia anayekuja watu arobaini na mmoja. Miaka ishirini na sita, mwanangu. Nadhani niliharibu."

Nilitaka kumjibu. Mdomo huu mnaoujua, mdomo uliowahi kumwuzia askari polisi gari la askari polisi mwenzake, ulikauka. Nikamsaidia kufunga boksi, nikaondoka. Tangu siku hiyo jibu limenikaa kooni kama mfupa, na leo nalitoa mbele ya mashahidi. Na kwa kuwa yeye ndiye anayeagwa, itifaki haimruhusu kunikatiza.

Mnaijua habari ya sabuni? Wa zamani mnaijua. Mlio wageni, sikilizeni. Nilipoingia humu, Mchungaji alikuwa na miezi mitatu tangu aletwe, na alikuta desturi: kila aliyeingia kanisani Jumapili alipewa kipande cha sabuni wakati wa kutoka. Ndugu zangu, mtu aliyewahi kukaa ndani anajua sabuni ni nini. Kwa hiyo kanisa lilijaa mpaka wengine wakasimama. Na katika kujaa huko, nani alikuwa wa kwanza? Ni mimi. Hakuna aliyenipita kwa kuimba. Hakuna aliyenipita kwa "Amina". Nilisimama nikatoa ushuhuda wa kuokoka mara nne, na kila mara nilikuwa mwenye dhambi mbaya zaidi kuliko mara iliyotangulia. Mara ya nne hata nyapara alilia, na yule nyapara alikuwa na roho ya nondo.

Mchungaji alikuwa ananitazama tu kwa miwani yake ile iliyofungwa waya sikioni. Kumbe alikuwa anahesabu.

Jumapili moja akatangaza: "Kuanzia wiki hii, sabuni itatolewa Ijumaa, stoo, kwa kila mtu. Anayesali atapata. Asiyesali atapata. Wa dini nyingine atapata, na anayenitukana atapata, na ninamjua. Jumapili hapa patakuwa na Neno tu."

Jumapili iliyofuata walikuja watu tisa. Na kati ya hao tisa, mmoja alikuwa amekosea mlango, alikuwa anatafuta zahanati.

Mimi nilibaki kitandani, ninanukia sabuni yangu ya Ijumaa, moyo mweupe. Ila nilipokutana naye uani sikuweza kunyamaza. Nikamwambia, "Mchungaji, naona biashara imedoda."

"Imedoda, mwanangu. Wewe umekuja kununua au kuuza?"

"Nimekuja kutazama tu."

"Tazama. Kutazama hakuna kiingilio."

Wakubwa wake hawakucheka. Mkuu wa Gereza wa wakati ule, si huyu mheshimiwa wetu, huyu wakati ule labda alikuwa bado anafundishwa kufunga kamba za viatu, alimwita ofisini. Mimi nilikuwa chini ya dirisha natengeneza jenereta. Sikuwa nasikiliza, masikio yangu ndiyo yalikuwa yanasikiliza. Mkuu akapiga meza: "Umelifunga kanisa, Mchungaji!" Na huyu mzee, kwa sauti yake ile ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akasema, "Sijalifunga, mkuu. Nimelifungua. Ndiyo maana wametoka."

Kisha akatoka, akakaa kwenye ngazi, akavua miwani na kuipangusa. Akaipangusa muda mrefu. Nikaona haina vumbi.

Kwa miezi kadhaa, kila Jumapili asubuhi alipita kwenye lango la jengo letu, akanisalimia kwa jina, akaenda zake. Hakuniambia njoo. Hebu jiulizeni, kuna kitu kinachoudhi kama mtu anayekupenda halafu hakusukumi? Siku moja nikashindwa, nikamwita pale pale kwenye nondo: "Baba, mbona huniiti?" Akasema, "Nikikuita utakuja kwa ajili yangu, Spana. Na mimi ni mtumishi tu, iko siku nitastaafu. Sasa siku hiyo utabaki na nani?"

Nikamwambia anajivuna. Akasema huenda. Akaenda kuhubiria watu wanane.

Halafu akaja mgeni mmoja mkubwa kutoka serikalini. Siku hizo mgeni akija, hata majani yalipigwa pasi. Ikatolewa amri: kanisa lijae. Nyapara akatupanga mistari, watu mia tatu na zaidi, tukaingizwa, tukakaa, mgeni akakaa mbele anatabasamu. Mchungaji akasimama. Akatutazama. Nikaona anakunja karatasi ya mahubiri na kuitia mfukoni, nikajua mzee huyu anataka kufanya jambo la kijinga.

Akasema, "Ndugu zangu. Humu ndani mnaamka kwa amri, mnakula kwa amri, mnaoga kwa amri, na taa inazimwa kwa amri. Liko jambo moja ambalo hakuna hakimu aliyewaondolea, nalo ni kumtaka Mungu au kutomtaka. Hilo hata Mungu mwenyewe, ambaye angeweza, hakulichukua. Mungu hana nyapara. Kwa hiyo walioletwa wako huru kurudi kupumzika. Sitawachukia, na yeye hatawachukia. Waliokuja, tuendelee."

Jamani! Ungesikia nzi akikohoa.

Kisha mmoja akainuka, akamtazama askari. Askari akamtazama mkuu. Mkuu akatazama dari. Basi wakaanza kutoka, kumi, hamsini, mia. Na mimi nikainuka. Kwa nini nibaki? Nikafika mlangoni.

Hapo ndipo miguu ilipogoma.

Sikusikia sauti, msinitungie hadithi. Sikuona nuru. Nilichoona ni kwamba nyuma yangu hakuna anayeniambia rudi, na mbele yangu hakuna anayeniambia toka. Ilikuwa mwaka wa tano sijaulizwa na mtu unataka nini. Na niseme kweli mbele zenu: hata kabla ya kufungwa sikumbuki kama niliwahi kuulizwa. Niliiba kwa sababu kaka yangu aliiba, niliacha shule kwa sababu rafiki yangu aliacha, niliokoka mara nne kwa sababu ya povu. Nimesimama pale, mtu mzima mwenye ndevu, nashikilia fremu ya mlango, na swali linanisubiri kwa adabu. Wewe je? Wewe mwenyewe unataka nini?

Nikageuka. Nikarudi. Nikakaa mbele kabisa, maana hata katika wokovu sipendi kukaa nyuma.

Siku hiyo sikuimba. Mchungaji aliniona, akasoma Neno kama kawaida, ila alisoma mstari mmoja mara mbili, na nikajua haoni ukurasa vizuri.

Kwa jambo lile aliandikiwa barua kali. Hakupandishwa cheo siku ile wala siku nyingine. Wenzake wamekuwa wakubwa, yeye kila mwaka taarifa yake ilisema mahudhurio hafifu. Na yeye aliamini ile taarifa! Mtu mwerevu vile, mwenye maboksi kumi na tisa ya vitabu, akaamini karatasi.

Sasa nisikilize, Baba. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hawakuwa wamefika gereji kwangu, lakini walijua. Kila jioni tukifunga kazi, magari ya watu hulala kwangu, na funguo zote zinaning'inia ukutani, kwenye misumari, na mimi bingwa niko peke yangu nazo. Hakuna askari. Hakuna filimbi. Unajua huwa nasimama mbele ya ukuta ule? Kila jioni, miaka kumi na minane. Namwambia Mungu, "Wajua naweza." Kisha nazima taa nakwenda kwa mke wangu. Wale mia tatu wa sabuni, Baba, nilikuwa mmoja wao, na nakuapia, ukuta ule ungenishinda wiki ya kwanza. Aliyeletwa akiachwa peke yake hurudi alikotoka. Aliyekuja anajua njia.

Mimi si malaika. Ziko asubuhi sisali, na siku hiyo nashinda kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Kesho yake narudi. Hakuna anayenirudisha. Hiyo ndiyo kazi yako, mzee, na haiandikiki kwenye mahudhurio.

Na tazama humu. Sitawaambia hawa ndugu zangu wasimame, maana watasimama kwa aibu. Tazama tu. Yule fundi cherehani wa safu ya tatu amesafiri siku mbili. Yule mwenye kofia hajawahi kukanyaga kanisani kwako hata siku moja, anasali kwingine, na ameniambia pale getini, "Yule mzee alinipa sabuni bila kuninunua. Nisipokuja mimi, aje nani?" Nani aliwaagiza? Walipata habari, wakafunga safari. Arobaini na mmoja, Baba? Nenda kahesabu upya.

Namaliza, maana mshereheshaji ananionyesha saa. Ninalo ombi kwa Mchungaji, na mke wangu amenikataza kulitaja hapa. Ana haki. Mtu akiombwa mbele ya watu mia tatu anakuwa hajaombwa, amebanwa ukutani. Kwa hiyo sitasema kwamba nyumbani kwetu kuna chumba kinachotazama bustani, wala kwamba rafu za vitabu nimezipigilia mwenyewe na zimenyooka. Sitasema kwamba wanangu wamegombea nani atamletea chai. Nitatoka, nitakaa garini, upande wenye kivuli. Baba, ukipenda kwenda kwenye nyumba ya watumishi wastaafu, nitakupeleka huko huko, kwa furaha, na maboksi yako yote, na nitakuja kukusalimia bila kununa. Ukipenda kwetu, niambie tu nipinde kushoto. Uamuzi ni wako, na usiuharakishe.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu, ndugu zangu, na kila mmoja alinipa kwa hiari yake.