Mwavuli Kwenye Kioo cha Nyuma

Benchi letu lilikuwa la kanisa kabla halijawa letu. Lipo nje ya duka la Verlene, muuza chambo, betri na kahawa, hapa Harlow Bend, Alabama, na kila asubuhi hulikalia watu wale wale. Kuna Jenerali, ambaye hajawahi kuvaa gwanda hata siku moja. Alikuwa fundi wa matairi. Kuna Redio, anayesikiliza vipindi usiku kucha halafu anakuja kutumwagia sisi. Kuna Mwavuli, jina lake la kanisani Cleophus Battle, mweusi peke yake katika benchi la wazungu. Na kuna mimi, ninayependa ubishi kuliko kahawa yenyewe. Pikapu zetu tunazipanga mbele ya duka, na kwenye kioo cha nyuma cha kila moja, mgongoni mwa dereva, kuna kitundikio chenye bunduki. Isipokuwa ya Mwavuli. Kitundikio anacho, ila humo amelaza mwavuli. Tumemcheka kwa hilo tangu nywele zetu zikiwa bado na rangi.

Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja tu: muswada wa kumtaka kila mwenye bunduki aombe kibali kwa sherifu, yule mkuu wa polisi wa wilaya. Jumamosi watu wangekwenda Montgomery, makao makuu ya jimbo, na silaha zao kuupinga.

JENERALI: Mwavuli, wewe utakaa mbele. Hilo nimeshaamua.

MWAVULI: Umeamua na nani?

JENERALI: Na akili yangu. Wapiga picha wakija, wakuone wewe. Waache kusema haya ni mambo ya wazungu tu.

MIMI: Kwani unamtaka yeye au unaitaka picha?

JENERALI: Wewe kunywa kahawa yako.

REDIO: Nyie hamjui kinachokuja. Kibali kina anwani yako, sawa? Anwani inaingia kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe imefukiwa chini ya mlima huko Colorado. Siku wakiamua, wanapita nyumba kwa nyumba.

VERLENE: Kwako wataanza na friji, Redio.

REDIO: Cheka tu, mama. Hata friji siku hizi zina masikio.

MIMI: Lakini Jenerali, mwezi uliopita si wewe uliyekuwa unaililia hiyo sheria? Wale vijana weusi wa klabu ya shabaha walipopita barabara kuu na bunduki mabegani, ulisema nini hapa hapa?

JENERALI: Ile ilikuwa tofauti.

MIMI: Tofauti gani?

JENERALI: Walikuwa wengi, bwana. Wamevaa nyeusi juu mpaka chini.

MIMI: Na sisi Jumamosi tutakuwa wachache?

REDIO: Wale kuna mtu anawalipa. Nimesikia ni bilionea, ana kisiwa, na kisiwani kuna...

JENERALI: Acha kisiwa! Mke wangu alifunga milango yote akakaa jikoni anatetemeka. Kesho yake nikanunua bastola nyingine. Niliogopa, sifichi. Si wewe, Mwavuli. Wewe ni wetu.

Mwavuli alipuliza kahawa yake ingawa ilikwisha kupoa zamani.

MWAVULI: Mimi hicho kibali sikipendi pia.

JENERALI: Mnamsikia!

MWAVULI: Tulia kwanza. Babu yangu alikwenda kuomba kibali kwa sherifu wa enzi zake. Sherifu akamuuliza, unamwogopa nani hata utake silaha? Sasa mzee angejibu nini? Aliyekuwa anamwogopa ndiye aliyekaa mezani.

  Hapo ndipo akafika Greta, tarishi mpya, mgeni kutoka Minnesota, kaskazini kabisa, aliyekuwa bado anajifunza mitaa yetu. Alinunua kahawa, akaketi ukingoni mwa benchi na mfuko wake wa barua.

GRETA: Samahani wazee. Ile pikapu yenye mwavuli ni ya nani?

REDIO: Ya huyu hapa. Anaogopa mvua kuliko wezi!

Tukacheka, maana ule utani tunao siku zote na hauchakai.

GRETA: Kumbe hana bunduki?

JENERALI: Hana? Dada, huyu ana shabaha kutushinda wote. Nyama ya kulungu tunayokula Krismasi ni mkono wake. Bunduki yake anaiviringisha kwenye blanketi, anaifungia nyuma ya kiti.

GRETA: Kwa nini?

JENERALI: Si... ndivyo alivyo tu.

Mwavuli aliweka kikombe chini.

MWAVULI: Jenerali, Jumamosi nitakuja. Na mbele nitakaa.

JENERALI: Huyo ndiye ndugu yangu!

MWAVULI: Ila tubadilishane magari. Mimi niendeshe lako mpaka Montgomery, bunduki yako ikiwa pale pale kiooni. Wewe njoo na langu. Haki si ni yetu sote? Nipe funguo.

Jenerali ni mtu mkarimu, hilo nitamshuhudia popote. Mkono uliingia mfukoni bila kufikiri, tukasikia funguo zikilia humo ndani. Lakini haukutoka.

JENERALI: Hapana.

MWAVULI: Unaogopa nitaligonga?

JENERALI: Gari si kitu! Barabara ile imejaa polisi, Cleophus. Wakikusimamisha wakaona ile bunduki nyuma ya kichwa chako, watakupiga risasi hata hujashusha kioo!

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayemvuta mtoto asiingie barabarani. Nilimwamini, kwa sababu anampenda Mwavuli, sote tunampenda. Kisha nikaona uso wake unabadilika, kama amesikia mtu mwingine akiyasema.

Greta alituangalia mmoja mmoja. Hakuwa na ubaya wowote machoni. Alitaka kuelewa tu.

GRETA: Kumbe sababu ya mwavuli mlikuwa mnaijua?

Redio, mwenye majibu ya kila kitu mpaka ya friji, aliinama kufunga kamba za viatu. Mimi mpenda ubishi niliona aibu, nikageukia kahawa yangu. Mkono wa Jenerali ulikuwa bado mfukoni.

Mwavuli alisimama, akavaa kofia yake, akamgusa Jenerali begani.

“Basi mkitoka Montgomery mtakuja kunisimulia,” alisema, akaenda kwenye gari lake.

Verlene alitoka na birika, akaliinamisha juu ya vikombe vyetu, likatoa machicha. Akasema kahawa imeisha, na hakuna aliyemwomba apike nyingine.