Kabla Kumbukumbu Hazijafungwa: Kumuaga Bi. Kavutha Musili

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Kavutha Musili atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na sita katika Sajili ya Majina ya Mtandao. Ukiongeza miaka kumi na moja aliyokuwa fundi wa mitambo ya simu, unapata mtu aliyewaunganisha Wakenya tangu enzi za simu za kuzungushwa kwa kidole. Walioajiriwa mwaka huu wanamjua kama yule mama wa ghorofa ya pili anayewapigia wateja simu na kuanza kwa kuuliza kama mvua imenyesha. Ni kweli, hufanya hivyo. Lakini safari yake ilianza mbali.

Madam, kama tunavyomwita sote hadi mlinzi wa lango, alikuwa mmoja wa watu watano walioanzisha Sajili mwaka 1999, katika chumba cha kupanga juu ya duka la mbegu hapa mjini Machakos. Kazi yao ilikuwa kugawa na kutunza anwani za tovuti za nchi yetu, wakati ambapo wengi walidhani tovuti ni aina ya ugonjwa. Orodha yote ilikuwa kwenye daftari moja la kurasa mia mbili lenye jalada gumu, kwa sababu kompyuta ilikuwa moja na umeme ulikuwa na mambo yake. Mwaka ulipokwisha, daftari lilikuwa na majina sitini na manne. Leo ni maelfu kwa maelfu, na daftari lile bado analo. Nimewahi kuliomba nilipeleke kwenye maonyesho, akaniambia nitalimwagia chai. Anazijua tabia zangu.

Miaka ile kulikuwa na kampuni iliyotaka kuumiliki usajili wote peke yake, na wakubwa fulani serikalini waliotaka uwe chini yao. Madam aliwakatalia wote kwa upole uleule. Alishikilia kwamba mtandao wa nchi hauwezi kuwa shamba la mtu mmoja, na kwamba mezani lazima wakae serikali, kampuni, walimu, wakulima na wafanyabiashara wa sokoni. Utaratibu huo hakuutoa kwenye kitabu. Aliuona kwao Mwala akiwa mtoto, kwenye mwethya, kile kikundi cha majirani kinacholimiana mashamba kwa zamu na ambacho hakuna anayekitawala bila wengine kukubali.

Kutoka kwenye mwethya alileta pia desturi moja ambayo imewatesa wafanyakazi wa Sajili kwa robo karne. Hakuna anayetoka kikaoni kabla kumbukumbu hazijasomwa kwa sauti, neno kwa neno, na Madam hajauliza kama kuna marekebisho. Chai ipoe, maandazi yakauke, sharti zisomwe. Kosa likionekana linarekebishwa hapohapo, mbele ya kila mtu, na aliyelifanya analitaja mwenyewe. Katika mkutano mmoja wa kimataifa kuhusu usimamizi wa mtandao, aliwazuia wajumbe wa nchi thelathini na mbili wasiende kula chakula cha mchana hadi azimio lisomwe upya. Walinung'unika, kisha makosa mawili yakapatikana. Baadaye aliwapoza kwa maembe makavu ya Matuu aliyokuwa amejaza begi zima, na nasikia kuna mjumbe anayemwandikia hadi leo kuulizia msimu.

Alitembea sana. Alifundisha walimu wakuu Kangundo, mapadri na wachungaji wakiwa darasa moja, na wauza mitumba wa Tala ndani ya ukumbi wa kanisa ambako kila mtu alikuja na kiti chake. Fundi mmoja wa vyuma alimuuliza kama tovuti yake itahitaji kufunikwa mvua ikinyesha. Madam hakucheka. Alimweleza kwa nusu saa, na mtu huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza Tala kuwa na tovuti ya duka lake. Sisi tuliokuwa nyuma tulicheka, na tulikemewa kwenye gari njia nzima hadi Machakos.

Sasa nifike mwaka 2011, kwa sababu wasifu wa Madam bila mwaka huo ungekuwa nusu.

Chama cha wafanyabiashara wa mifugo wa Konza kilikuwa na tovuti ambayo kila Jumanne ilitangaza bei za ng'ombe na mbuzi. Wanunuzi wa Nairobi waliiamini na wafugaji waliitegemea. Siku moja mwenyekiti wake, Mzee Abdikadir, na katibu wake, Bi. Mumina, walifika ofisini. Jina la tovuti yao lilikuwa limekwisha muda, likafutwa, na dalali mmoja alikuwa amelichukua. Alikuwa akitangaza bei zake mwenyewe kwa jina la chama, na wafugaji walikuwa wanafika Konza na mifugo kukuta bei hizo hazipo. Watu walikuwa wameanza kumwita Mzee Abdikadir mwongo, yeye ambaye neno lake lilikuwa limetosha kwa miaka thelathini.

Tuliwaonyesha kwamba Sajili ilikuwa imewatumia ilani tatu kwa barua pepe. Bi. Mumina alivaa miwani yake akauliza, bila kupandisha sauti: "Hizo barua mlituma wapi? Hebu mnionyeshe."

Tukamwonyesha. Zilikuwa zimetumwa kwenye anwani ya barua pepe iliyo chini ya jina lilelile. Ilani zote tatu zilitoka baada ya siku ya mwisho ya kulipia jina kupita, na siku hiyo ikipita, tovuti huzimwa pamoja na barua pepe zake zote. Hakuna ilani iliyoweza kufika. Bi. Mumina alivua miwani, akaikunja.

Bodi ilitaka tunyamaze. Kanuni zilikuwa zimefuatwa, karatasi zilionyesha ilani tatu, na wakili alionya kwamba kukiri ni kujitafutia kesi. Madam, aliyekuwa mkurugenzi wakati huo, alijua wazi kwamba akikiri atapoteza kiti. Wiki mbili baadaye, kwenye mkutano mkuu, ukumbi ukiwa umejaa, kumbukumbu zilisomwa kwamba Sajili iliwaarifu wenye jina mara tatu. Akauliza kama kuna marekebisho. Hakuna aliyeinua mkono, akasimama yeye.

"Hatukuwaarifu," alisema. "Tulituma ilani mahali ambapo tulikuwa tumepafunga wenyewe. Kosa hili ni langu."

Mkutano uliamua jina lirudi Konza, na likarudi wiki hiyohiyo. Bodi nayo ilimwondoa Madam kwenye ukurugenzi, ikampeleka dirisha la kuhudumia wateja. Alikaa pale miaka miwili, mwanamke aliyekuwa amewakilisha nchi, akigonga mihuri kwenye fomu. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na nilikuwa meza ya tatu kutoka kwake.

Hapo dirishani ndipo alipoanza kupiga hodi. Kila jina lililokaribia mwisho, alimtafuta mwenye jina hilo kwa simu. Asipopatikana, alimtuma mtu wa boda boda amtafute dukani, shambani au kwa shemeji yake. Tulimwona anapoteza wakati, hadi malalamiko yalipoisha kabisa. Alipoombwa kurudi kwenye uongozi mwaka 2013, alikubali kwa sharti kwamba hodi iwe kanuni: jina la mtu halifutwi hadi mtu aongee na mtu. Kanuni hiyo ipo hadi leo, na nchi nyingine tatu zimeiga.

Madam alisoma rasimu ya makala haya, kwa kuwa hawezi kuona maandishi bila kuuliza marekebisho. Alikata aya moja kwa kalamu nyekundu. Nimeirudisha, maana tarehe 31 ikipita hataweza kunifanya lolote.

Mkurugenzi haandiki programu. Programu iliyotuma ilani zile niliiandika mimi. Nilikuwa na miezi minne kazini, katika kipindi cha majaribio, na niliweka ilani zitoke baada ya siku ya mwisho badala ya kabla yake kwa sababu sikufikiria. Siku ya mkutano ule nilikuwa safu ya nne, mkono wangu umelala mapajani, mzito. Nje ya ukumbi nilimfuata nikilia, nikimwambia nitarudi ndani niseme. Alinishika bega. "Wewe tengeneza mtambo," aliniambia. "Hawa watu nitaongea nao mimi."

Nilitengeneza mtambo. Leo mimi ndiye mkuu wa idara ya mitambo, na kumbukumbu za mwaka 2011, zilizosomwa kwa sauti na kupitishwa, bado zinasema kosa lilikuwa lake. Katika miaka yote niliyomjua, huo ndio uongo wa pekee aliouingiza kwenye rekodi.

Madam, uliuliza kama kuna marekebisho. Mkono wangu umechelewa miaka kumi na minne, lakini sasa uko juu. Yaandikwe kwamba kosa lilikuwa la Wendy Ndanu, na kwamba Kavutha Musili alilibeba.

Asante kwa daftari, kwa maembe, kwa chai zilizopoa. Nenda salama Mwala, ukae vizuri na wajukuu na shamba lako. Maisha yakuendee mema, Madam, na simu yako iwe karibu: tutapiga hodi.

Wendy Ndanu
Idara ya Mitambo, Machakos