Namna Baba Alivyohesabu Watu

Hapa mmezoea salamu ambayo mimi siwezi kuimaliza, kwa hiyo nitasema nusu yangu: Bwana asifiwe! Asanteni. Waliocheka ndio wanaonijua.

Ndugu zangu, mwezi uliopita nilitawazwa kuwa rabi. Ndiyo, mimi huyu, mwanamke wa Nyandarua ambaye mmenijua miaka yote nikiosha na kulisha wazee wa watu huku Germantown, Amerika. Mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya ameniambia nieleze nilifikaje. Sitawaficha, njia yenyewe haikuwa nzuri.

Baba yangu alikuwa mkulima wa viazi. Nikiwa mdogo, yeye na familia chache waliacha kanisa wakawa Wayahudi. Sinagogi letu lilikuwa chumba cha mabati. Kwetu, sala nyingine haziombwi mpaka watu wazima watimie kumi, na mojawapo ni ile ambayo mtoto humsomea mzazi aliyefariki. Na watu hawahesabiwi hivi hivi, ni mwiko. Hata nyanya yangu, ambaye hakuwa Myahudi, alikataa wajukuu wahesabiwe. Basi baba alikuwa akisimama mlangoni, anahesabu kwa kukana: "Si mmoja, si wawili, si watatu." Akifika "si tisa" ananyamaza, anaangalia barabara. Tulimngoja mtu wa kumi hata saa nzima, na akifika na matope yake miguuni tunafurahi sana.

Nikaja Amerika, nikapata sinagogi kubwa lenye viti sijui mia ngapi. Sabato ya kwanza mama mmoja aliniuliza kwa tabasamu, "Umemleta nani?" Alidhani nimemsindikiza mzee wa kazini. Nikamjibu nimejileta. Sabato ya tatu mwingine akaniuliza vilevile. Nikaacha kwenda, na hakuna aliyeuliza niko wapi.

Na nyinyi je? Msininunie, huu ni ushuhuda. Harusi zenu ni Jumamosi, Sabato yangu, nyama yenu dini yangu hainiruhusu kula, na kuna mtu alisema nimeingia dini ya mashetani. Nikajitoa kwenye grupu ya WhatsApp ya chama bila kuaga. Nikawa mtu wa shifti na kitanda. Kuna wiki nzima Kiswahili pekee nilichosikia ni changu, nikigombana na sufuria.

Halafu baba akafa. Makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka, singeweza kusafiri. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nikakaa chini kwenye zulia, ndiyo desturi yetu ya matanga, na kitabu cha sala mkononi. Ile sala sikuweza kuisoma, kwa sababu nilikuwa peke yangu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliona uchungu mpaka nikamkasirikia Mungu: mtu aliyengojea wenzake maisha yake yote anakosaje watu wa kusimama naye?

Siku ya nne mlango ukagongwa. Alikuwa dada mmoja wa chama hiki, nesi. Simtaji, anajijua. Habari alizipata kutoka nyumbani.

"Wewe! Mzee ametuacha na hukusema?"

"Ningemwambia nani?"

"Mimi. Ungeniambia mimi." Akaketi kwenye zulia na koti lake. "Sasa mzee anahitaji nini?"

"Watu kumi."

"Kumi tu? Wacha nipige simu, utapata hata arobaini."

"Lazima wawe Wayahudi."

Akainuka. "Basi vaa viatu. Tutawapata."

Alipiga simu huku na huku mpaka tukapata sinagogi dogo karibu na Bladensburg, lenye watu wanaosali kila jioni. Tukakwama kwenye jam ya Beltway, ile barabara kuu. Yeye anapiga honi, anamwomba Yesu awacheleweshe kidogo hao Wayahudi.

Mlangoni alisimama mzee mwenye fimbo, anaangalia barabara. Hakuuliza nimemleta nani. Aliuliza tu kama mimi ni Myahudi, nikasema ndiyo. Akageukia ndani akaanza, kwa Kiingereza chake: "Si mmoja, si wawili..." Nikahesabu naye kimoyomoyo. "Si tisa." Kisha akanishika bega. "Si kumi. Tuanze."

Nikamsomea baba. Dada yangu alikaa nyuma, akisema amina mahali pasipo na amina.

Kesho yake nilirudi, na kesho kutwa. Yule mzee akaanza kunifundisha, halafu akanisukuma hadi chuo cha marabi. Nilisoma miaka mingi huku nikiuguza wagonjwa. Msidhani upweke uliisha. Hata sasa zipo jioni ninasonga ugali wa mtu mmoja na machozi yananitoka. Lakini najua upo mlango ambapo nisipofika, watu wanangoja.

Mzee yule amefariki, namshukuru hivyo hivyo. Dada, asante. Na nyinyi mliokuja kutawazwa kwangu na ndizi na maparachichi mazima, yasiyoguswa na kisu cha jikoni kwenu, kwa sababu mtu aliuliza kwanza ninakula nini, asanteni.

Kosa langu ni kwamba nilitaka kutafutwa na sikumwambia mtu kuwa nimefiwa. Mwenye shida aseme. Na sisi wengine tusiwe wepesi wa kufungua mkutano kabla wote hawajafika. Tangu nianze kuongea ninakiangalia kile kiti cha karibu na dirisha. Huu ni mkutano wa tatu kiko wazi. Nani ana namba ya yule anayekaa pale? Mpigieni sasa hivi. Mimi nitasimama mlangoni.