Mshenga wa Chuo cha Ellerby

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Jerioth Kananu anastaafu rasmi kutoka Ofisi ya Usajili ya Chuo cha Ellerby, hapa Buffalo, baada ya miaka ishirini na saba ya kuwashawishi vijana wa Marekani waende chuo. Programu ya Kiingereza mliyopewa mlangoni imetaja vyeo vyake vyote, na ni vingi. Ukurasa huu wa Kiswahili nimeachiwa mimi, Nyakio, niliyekaa meza ya pili kutoka kwake miaka yote aliyokuwa hapa, ili niwaeleze wazazi waliojaa ukumbini yale ambayo vyeo havisemi.

Alianzia Louisville. Alikuwa ametoka Meru kuja kusomea biashara, akapata kibarua cha kutia vijitabu vya chuo kwenye bahasha. Enzi hizo chuo kilimfikia kijana kwa posta: kijitabu cha karatasi ya kung'aa, picha ya wanafunzi watatu wanaocheka nyasini, na barua ya rais wa chuo ambayo rais mwenyewe hakuwahi kuiona. Jerioth hupenda kutukumbusha kwamba katika picha zile hakuna mwanafunzi aliyewahi kuonekana akisoma, na mpaka leo hajui walikuwa wanacheka nini.

Akahamia Columbus, akaolewa na Bwana Cleopas, wakapanga nyumba Clintonville, naye akakutana na enzi ya barua pepe. Vyuo viligundua kwamba barua pepe haihitaji stempu, basi vikaandika bila kupumua. Siku moja kijana mmoja alimwonyesha simu yake: maelfu ya barua kutoka vyuo mbalimbali, hata moja haijafunguliwa. Jerioth akaanza kuwaandikia vijana ujumbe mfupi wa simu, yeye mwenyewe, mmoja mmoja. Na kwa kuwa ni mtu aliyelelewa, hakuweza kumwandikia mtu bila kumsalimu. Aliuliza habari za mama, habari za nyanya, habari za mitihani, ndipo ataje chuo. Mkubwa wake alimcheka, akasema hakuna kijana wa Ohio atakayejibu habari za nyanyake. Walijibu! Mmoja alijibu kwamba nyanya amelazwa, Jerioth akamfuatilia nyanya huyo mpaka akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwaka wa masomo ulipoanza, kijana yule alionekana darasani, wala hakuwahi kuuliza chuo kina maabara ngapi.

Kwa sifa hizo tulimnyakua tukamleta Buffalo. Bwana Cleopas alilalamika kuhusu theluji na bado analalamika, lakini alikuja.

Sasa nije kwenye kisa ambacho wengine wenu mmekisikia kimetiwa chumvi. Mimi nilikuwepo. Miaka minne iliyopita, kampuni moja ya matangazo ilituuzia mtambo wa kuwaandikia vijana kwa lugha ya nyumbani kwao, bila mkono wa mtu. Tukaupokea kwa makofi. Hakuna aliyemwomba Jerioth ausome huo ujumbe kwanza, na aliponung'unika tulimwambia asiogope mambo mapya.

Katika mtaa wa Black Rock kulikuwa na binti anayeitwa Chimène, mtoto wa Mzee Balagizi na Mama Cibalonza, familia iliyotoka Bukavu, Kongo. Alikuwa amekubaliwa kusomea uuguzi, kozi ambayo nafasi zake hugombaniwa. Ilibaki yeye tu kuthibitisha kabla ya tarehe moja Mei, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Jioni moja simu yake ililia mezani wakati wa chakula, baba akaitazama. Meseji imeandikwa kwa Kiswahili safi: Chimène, familia yetu inakungoja kwa hamu. Ikaingia nyingine: Chimène, chumba chako kiko tayari, njoo uwe wetu. Ikaingia ya tatu, na kopa jekundu pembeni: Sema ndiyo kabla ya tarehe moja Mei.

Jamani, wewe ungeelewa nini? Binti alijaribu kueleza kwa Kiingereza, kama watoto wetu wanavyojibu, na kadiri alivyoeleza ndivyo baba alivyozidi kushuku. Mzee Balagizi akaichukua simu, akajibu mwenyewe: "Donc, kama munamutaka mutoto, mukuye ku nyumba na bazee benu. Mutoto wangu haolewake ku telefone." Mtambo nao haukuchelewa. Ulimjibu palepale: Asante, Chimène! Tumefurahi sana! Mzee akaifungia simu kabatini.

Upande wetu kulikuwa kimya. Mtambo ulihesabu kwamba Chimène amejibu, basi kwake mambo yalikuwa shwari. Ni Jerioth aliyeshtuka, kwa sababu alikuwa akiandikiana na binti huyo tangu vuli, na Chimène hakuwa mtu wa kumnyamazia. Akaenda kuyasoma majibu ambayo hakuna mtu ofisini aliyekuwa akiyasoma. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akatazama kalenda na kicheko kikamwishia. Mei ilikuwa mlangoni.

Mkurugenzi wetu, Bi. Wieczorek, alipendekeza tuandike barua pepe ya kuomba radhi. Jerioth alikataa katakata. Alisema mzee ametuita kwake, na mtu akiitwa nyumbani kwa watu haendi kwa barua pepe. "Hii sasa ni serious. Nani ana sukari?" Hayo ndiyo aliyotuambia, huku akivaa koti.

Basi tukaenda kuposa. Bi. Wieczorek alitangulia akiwa amevaa kitenge cha Jerioth juu ya koti la baridi. Dancan wa ofisi ya misaada ya masomo alibeba kreti ya soda, mimi sukari na majani ya chai. Theluji ya mwisho ilikuwa bado imerundikana kando ya njia, na majirani wa Black Rock wakachungulia madirishani kuona msafara huu unaenda wapi. Ndani tulimkuta Mzee Balagizi amevaa suti, na pembeni yake Mzee Mirindi wa kanisani kwao, msemaji wa familia. Jerioth alipiga magoti kidogo kuwaamkia wazee, akaeleza sisi ni nani, akaeleza mtambo, akaomba radhi kwa niaba ya watu wote waliosoma wakashindwa kusalimu.

Nilidhani mambo yameisha, tutacheka na kunywa chai. Mzee Balagizi alicheka kweli, tena kwa sauti. Kisha akakaa sawasawa kwenye kiti chake, akasema kwa Kiswahili chao, ambamo kutosha ni kutoa: "Bon, nimeelewa ni masomo. Lakini chuo ao bwana, ni kunitosha mutoto mu nyumba. Tuendelee."

Tukaendelea, na sijawahi kuona mkurugenzi akihojiwa vile. Mzee Mirindi aliuliza binti atalala wapi na nani ana ufunguo. Aliuliza akiugua nani atajua. Aliuliza kama Jumapili ataachiwa aende kuimba kwaya. Bi. Wieczorek alijibu yote huku Jerioth akitafsiri, na penye jibu la kukwepa Jerioth alikataa kulitafsiri, akamtazama mpaka akatoa jibu la kweli. Dancan akaeleza misaada ya masomo mpaka Mama Cibalonza akaridhika. Mwisho Mzee Balagizi akauliza lake moja, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena: "Kisha masomo, mutanirudishia mutoto wangu, ao munamukamata kabisa?"

Jerioth alimjibu kwamba atamrudisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Hapo Chimène akaulizwa mbele ya wote, kama inavyotakiwa, kama anawajua watu hawa na kama anataka kwenda nao. Alijibu kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. "Nabajua, papa. Ninapenda kuenda." Simu ikatolewa kabatini, Mama Cibalonza akabonyeza kitufe cha kukubali, na vigelegele vikasikika barabarani. Tarehe moja Mei ilitukuta tumeshashiba.

Tangu siku ile Ellerby haijamwandikia kijana wa miaka kumi na saba kabla ya kujitambulisha kwa wazazi wake kwa jina na namba ya mtu aliye hai. Mtambo ulirudishwa ulikotoka. Kila majira ya kuchipua ofisi yetu hutoka kwenda majumbani, na si kwa Wakongo na Wakenya tu. Mama mmoja wa Kiayalandi wa South Buffalo alisikia habari hizi akapiga simu kuuliza kwa nini yeye hajaposewa mwanawe. Tulikwenda, na soda tukabeba.

Mshenga, mnajua, haachi kazi arusi ikiisha. Chimène alipofeli anatomia mwaka wa pili, akaanza kufungasha nguo, Mzee Balagizi hakupiga simu chuoni. Alimpigia Jerioth. Jerioth alikwenda kukaa na binti bwenini, wakafungua kitabu pamoja, na aliporudi ofisini alikuwa anajua majina ya mifupa ambayo mimi sikujua kama ninayo. Binti alirudia mtihani, akafaulu vizuri.

Mwezi uliopita Chimène alihitimu. Jina lake liliposomwa, ukumbi mzima ulijua Black Rock imefika. Sherehe ilipokwisha, Jerioth alimshika mkono akiwa bado na joho lake, akampitisha katikati ya umati hadi walipokaa wazazi wake, akauweka mkono wa binti katika mkono wa baba. Akawaambia kwamba chuo kimemaliza, mtoto wao ni huyu, na sasa ni muuguzi. Mzee Balagizi alimkumbatia binti yake akalia waziwazi, na Mama Cibalonza akamvuta Jerioth katikati yao, wakasimama hivyo wanne mpaka mpiga picha akachoka kungoja.

Bi. Jerioth, asante. Asante kwa Louisville, kwa Columbus, na kwa sisi wa Buffalo uliotufundisha kupiga hodi. Upumzike na afya yako, ucheke na Cleopas na wajukuu, na siku zako zilizo mbele ziwe njema zote.