Jared Sanga Chome na Anwani Thelathini na Mbili

Wazee wetu, mama zetu, mchungaji, na majirani mliotoka Ukunda na Vanga, mimi ni Mwinga Chome, mdogo wa marehemu, nami nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, pamoja na kosa moja ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisirukwe.

Marehemu Jared Sanga Chome alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 hapa Kikoneni, akasoma shule ya msingi papa hapa kuanzia 1985 hadi 1992, na barua yake ya kuitwa sekondari ilifika kupitia sanduku la posta la shule, ambalo kijiji kizima kililitumia, nasi tunalitumia hadi leo.

Mwaka 1998 aliajiriwa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, tarehe 20 Desemba 2003 akamwoa Mbodze, wakajaliwa Kadzo na Baya, na mwaka 2009 akafungua ofisi Ukunda ya kutengeneza tovuti za nyumba za wageni. Hapo ndipo alipoamini, na kuwafundisha vijana wengi, kwamba tovuti zikitumia anwani moja ya intaneti, yaani ile namba ya kompyuta inayozihifadhi, Google huziona kama samaki, mmoja akioza wote wameoza, ikishushwa moja zote hushushwa, kwa hiyo akajichukulia anwani thelathini na mbili kwa tovuti tisa, na zilizobaki zikakaa bure. Twaiba, aliyefanya kazi naye, alimweleza mara nyingi kwamba ombi la msomaji hubeba jina la tovuti anayoitaka, hivyo anwani moja ingezitosha zote, lakini kaka yangu alikuwa mbishi, jamani, na msiba haunifanyi niseme vingine.

Februari 2021 zahanati moja ya Vanga ilihitaji anwani moja tu, ili daktari aliyeko Msambweni azione picha za wajawazito kutoka kwenye mashine yao ya kupiga picha za tumboni, ikaambiwa na kampuni ya intaneti, ileile iliyompa Jared zake, kwamba anwani zimekwisha, Twaiba akamsihi Jared aachie moja, akakataa, na kwa miezi kumi na minne wajawazito hao walisafirishwa kwa barabara ile mnayoijua. Nilimkasirikia, na nilimwambia.

Tarehe 11 Aprili 2022 Mbodze, akipanga makaratasi, aliikuta ile barua ya sekondari, akaiweka mbele ya mumewe, akamuuliza kama kuna siku barua yake ilipelekwa kwa mtu mwingine kwa sababu sanduku lilikuwa la wote. Siku hiyohiyo Jared alizihamishia tovuti zote tisa kwenye anwani moja, akarudisha thelathini na moja, zahanati ikapata yake, wala hakuna tovuti iliyoshuka Google hata mstari mmoja, kisha akaenda Vanga kumwomba radhi Hanifa, muuguzi wa zahanati ile.

Aliugua figo kuanzia Juni 2023, akafariki Jumatano, tarehe 5 Machi 2025, akiwa ameniusia niwaambie vijana aliowafundisha kwamba aliwapotosha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, Twaiba, na Bi. Hanifa aliyekuja na kina mama wa Vanga. Barua za rambirambi zilitumwa kwenye sanduku lile lile la shule, zikachanganyika na za kijiji kizima, na zote zimetufikia, kwa sababu kila moja iliandikwa jina lako, Jared. Kapumzike, kaka.